Sura ya Sita: Bei ya Kuzaliwa Mwanamume

Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, yenye makao yake Luxembourg, ilitoa hukumu fupi iliyogeuza biashara ya bima barani humo. Walioifungua kesi walikuwa chama cha kutetea walaji cha Ubelgiji, Test-Achats, pamoja na wananchi wawili. Hawakulalamikia bima ya gari. Walipinga sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2007 iliyoziruhusu kampuni za bima ya maisha kuwatoza wanaume na wanawake ada tofauti. Mahakama ilikwenda hadi kwenye shina la sheria hiyo, yaani Agizo la Umoja wa Ulaya namba 113 la mwaka 2004. Ibara ya tano ya agizo hilo ilikataza kupanga bei ya bima kwa jinsia, kisha papo hapo ikazipa nchi wanachama ruhusa ya kuendelea kufanya hivyo pale takwimu zinapounga mkono. Ruhusa yenyewe haikuwa na mwisho. Majaji wakasema sheria inayolenga usawa haiwezi kubeba ndani yake ruhusa ya kuukwepa usawa huo bila kikomo. Wakaifuta kuanzia 21 Desemba 2012.

Tangu siku hiyo kampuni inayouza bima katika nchi za Umoja hairuhusiwi kutumia jinsia ya mteja mpya kumpangia bei, iwe bima ya maisha, ya afya au ya gari.

Kelele zilisikika zaidi Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa bado mwanachama. Huko bima ya gari ni mzigo hasa kwa kijana. Mwenye miaka 18 anaweza kutozwa kwa mwaka mmoja ada inayozidi thamani ya gari lenyewe, na wavulana walikuwa wakitozwa zaidi ya wasichana kwa mbali. Biashara kubwa ilikuwa imejengwa juu ya tofauti hiyo. Diamond, chapa ya kampuni ya Admiral, iliwalenga wanawake. Sheilas' Wheels, iliyoanza mwaka 2005, ilijitangaza kwa rangi ya waridi na wimbo wake. Zote ziliahidi jambo lilelile: wanawake huendesha kwa uangalifu, basi walipe kidogo. Hukumu ilipotoka, wengi walilalamika kwamba majaji wa Luxembourg wamewapandishia mabinti bei na kuuita msiba huo usawa.

Lalamiko hilo lina uzito, na sura hii haitalipita haraka. Lakini msimamo wangu nauweka mezani mapema. Naamini mahakama ilikuwa na haki. Watu wawili wasilipishwe bei tofauti za bima ya gari kwa sababu tu mmoja ni mwanamume na mwingine mwanamke. Naamini pia kwamba marufuku peke yake haitoshi, na yaliyotokea baada ya 2012 yanaonyesha kwa nini.

Kwanza, ukweli wa barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba wanaume wako katika hatari ya kufa kwa ajali hizo mara tatu zaidi ya wanawake. Vijana wa kiume ndio hasa wanaoangamia. Wanakimbiza gari, wanaendesha wakiwa wamelewa, hawafungi mkanda, na wanapogonga, wanagonga kwa kishindo. Wanawake nao hugonga, ila mara nyingi ni ajali ndogo zaidi: taa imevunjika, ubavu umebonyea, madai yanaisha gereji. Yeyote anayesimulia habari hizi akaficha tofauti hiyo anamdanganya msomaji. Wale wanaume wanaokaa vijiweni wakicheka mwanamke anapoegesha gari hawajui kwamba hesabu ziko upande wa huyo wanayemcheka.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mtakwimu wa bima. Mbele yako kuna wavulana 1,000 wa miaka 18 na wasichana 1,000 wa umri huohuo. Hujui nani kati yao atagonga. Unajua tu, kwa madai yaliyolipwa miaka iliyopita, kwamba kundi la kwanza litakugharimu fedha nyingi kuliko la pili. Ukiwatoza wote bei moja, wasichana watakuwa wanachangia ajali za wavulana. Ukiwatenganisha, kila kundi litabeba mzigo wake. Kwa mtakwimu, hiyo ndiyo haki: kila mtu alipe kadiri ya hatari anayoileta kwenye mfuko wa pamoja.

Kuna na msukumo wa soko, ambao wengi hawauoni. Tuseme kampuni moja, kwa wema wake, inaamua kutoza bei moja kwa jinsia zote, na jirani yake anaendelea kutenganisha. Wasichana wote watahamia kwa jirani, kwa kuwa huko ni nafuu. Wavulana wote watakuja kwa kampuni yenye wema, kwa sababu ileile. Baada ya mwaka mmoja au miwili kampuni hiyo itakuwa imebaki na wateja ghali kwa bei ya wastani, nayo itapandisha bei au itafunga. Ndiyo maana suala hili halikuweza kuachiwa dhamiri ya mwenye kampuni. Katika ushindani wa namna hiyo, mwenye bima hawezi kuacha kutenganisha peke yake. Ama sheria iwakataze wote kwa pamoja, ama wataendelea wote.

Hoja ya mtakwimu ni nzuri, na kwa muda mrefu iliwaridhisha hata majaji. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya kampuni ya bima ya Zurich. Kijana wa Ontario ambaye hajaoa alikuwa amelalamika kwamba anatozwa ada kubwa kuliko wanawake wa umri wake na kuliko wanaume waliooa, ingawa rekodi yake ilikuwa safi. Majaji walio wengi walikubali kwamba huo ulikuwa ubaguzi, lakini wakasema ulikuwa na sababu za msingi, kwa kuwa kampuni haikuwa na njia nyingine ya kutumia wakati ule. Wakaionya sekta ya bima itafute njia hiyo. Majaji wawili, Claire L'Heureux-Dubé na Beverley McLachlin, hawakukubaliana na wenzao. Kwao, kampuni ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kwamba njia nyingine haipo, na haikufanya hivyo.

Kijana yule wa Ontario anastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiye anayesahauliwa hesabu zinapotajwa. Hakuwa amegonga mtu wala kukimbiza gari. Alilipishwa kwa yale wanayoyafanya wengine waliofanana naye mwili. Sisi tunayo methali ya kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na tunaijua inavyotumika: kumhukumu mtu kwa ukoo wake, kabila lake, kijiji chake. Mtu akihukumiwa hivyo mbele yetu tunamtetea. Akihukumiwa hivyo kwa jedwali la takwimu, tunaona ni hesabu tu.

Hapa ndipo swali la chanzo na dalili linapoingia. Uanaume hausababishi ajali. Mwendo kasi unasababisha, pombe inasababisha, kuendesha usiku wa manane ukisinzia kunasababisha, kushika simu kunasababisha, na kadiri unavyokaa barabarani saa nyingi ndivyo nafasi ya kugonga inavyoongezeka. Jinsia huonekana kwenye takwimu kwa kuwa inatembea sambamba na mambo hayo. Katika nchi nyingi wanaume huendesha kilomita nyingi zaidi kwa mwaka kuliko wanawake. Wanaume ndio madereva wa malori ya safari ndefu, na katika miji yetu bodaboda karibu zote zinaendeshwa na vijana wa kiume kuanzia alfajiri hadi usiku. Sehemu ya vifo vyao ni uzembe, sehemu ni kazi. Jedwali linalosema “mwanamume” limeyachanganya yote mawili, likamtwika mzigo huo karani ambaye gari lake hutoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi.

Kwa nini basi kampuni zilipenda jinsia? Juliane Kokott, Wakili Mkuu wa Mahakama ya Luxembourg aliyetoa maoni yake tarehe 30 Septemba 2010 kabla ya hukumu, alilijibu swali hilo waziwazi. Jinsia ni rahisi kuipata. Haihitaji uchunguzi wala gharama, na mteja hawezi kuificha. Lakini urahisi wa kampuni, alisema, si sababu ya kumtendea mtu tofauti. Jinsia, kama rangi na asili ya mtu, imeshikamana naye bila yeye kuichagua. Akaongeza hoja ambayo mimi naiona ndiyo kiini cha kesi nzima: umri ni tofauti, kwa kuwa kila mtu hupita katika umri wote. Kijana anayetozwa zaidi leo atakuwa mtu mzima kesho, na bei itashuka kwake kama ilivyoshuka kwa baba yake. Mwanamume hafikii mwaka ambao uanaume wake unakwisha.

Wapo wanaoona kulinganisha jinsia na rangi ni kuzidisha. Historia ya bima yenyewe inatulazimisha kulinganisha. Mwaka 1881 kampuni ya Prudential ya Marekani iliamua kwamba wateja weusi wa bima ya maisha watalipwa theluthi moja pungufu kuliko wazungu waliotoa ada ileile. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitakwimu: watu weusi walikufa mapema zaidi. Na kweli walikufa mapema zaidi. Jimbo la Massachusetts lilipiga marufuku bei za namna hiyo mwaka 1884, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1896 mtakwimu wa Prudential, Frederick Hoffman, akatoa kitabu kizima kujaribu kuonyesha kwamba vifo hivyo vinatoka katika damu ya mtu mweusi. W.E.B. Du Bois alimjibu mwaka uliofuata. Alionyesha kwamba miji ya Ulaya yenye wazungu maskini ilikuwa na vifo vingi kiasi hicho au zaidi. Watu walikufa kwa sababu ya nyumba mbovu, maji machafu na kazi za kuvunja mgongo. Hesabu za Hoffman hazikuwa za kubuni, ila alikuwa ameichukua dalili akaiita chanzo, kisha kampuni ikaitoza dalili hiyo fedha.

Leo hakuna mwenye bima atakayesimama hadharani kutetea bei ya rangi, hata akiwa na takwimu mkononi. Tulikwisha kubaliana kwamba takwimu inaweza kuwa sahihi na bei inayotokana nayo ikawa dhuluma. Tukishakubali hilo kwa rangi, anayetaka kuiacha jinsia nje ndiye mwenye kazi ya kueleza sababu.

Nimeandika mpaka hapa kana kwamba walioumizwa ni wanaume peke yao. Sivyo. Wanawake wa kazi za umma huko Los Angeles walikuwa wakikatwa karibu asilimia 15 zaidi ya wanaume kwa ajili ya pensheni, kwa kuwa wanawake kwa wastani huishi miaka mingi zaidi. Mshahara ukiwa sawa, mwanamke alirudi nyumbani na fedha pungufu kila mwezi. Mwaka 1978, katika kesi ya Manhart, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza makato hayo. Jaji John Paul Stevens alieleza kwamba sheria inamlinda mtu mmoja mmoja. Wanawake kama kundi wanaweza kuishi zaidi, lakini kati ya waliokatwa walikuwamo wengi ambao hawangeishi hata kufikia wastani wa wanaume. Wangekuwa wamelipia miaka ambayo hawakuipata. Mwanamke anayeitetea bei nafuu ya gari kwa hoja ya wastani wa kundi ajue kwamba hoja hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimkata pensheni. Haiwezekani kuikubali kwenye gari na kuikataa kwenye pensheni.

Na tukirudi kwenye gari, hata ule wastani si imara kama unavyotangazwa. Mwaka 2017 Consumer Federation of America, shirikisho la kutetea walaji la Marekani, lilichunguza bei za kampuni kubwa katika miji kadhaa. Lilikuta kwamba wanawake wa miaka 40 na 60 wenye rekodi safi mara nyingi walitozwa zaidi kuliko wanaume wa umri na rekodi hiyohiyo. Tofauti ya ajali iliyo kubwa kwa vijana hupungua sana watu wanapovuka miaka 25 au 30. Bei hazikufuata mstari huo. Kampuni moja ilimtoza mwanamke zaidi, nyingine mwanamume zaidi, mji mmoja hivi, mji mwingine vile. Kama jinsia ingekuwa kipimo cha hatari, vipimo viwili vya kitu kimoja visingetoa majibu yanayopingana kiasi hicho.

California iliondoa jinsia kwenye bima ya gari kuanzia Januari 2019, kwa kanuni iliyotolewa na kamishna wa bima wa jimbo, Dave Jones, akimalizia muda wake ofisini. Msingi ulikuwa umewekwa na wapiga kura wenyewe miaka thelathini kabla. Mwaka 1988 walipitisha Pendekezo namba 103, lililosema bei ya bima ya gari ianze na mambo matatu kwa mpangilio: rekodi ya dereva, maili anazoendesha kwa mwaka, na miaka ya uzoefu wake. Nalipenda pendekezo hilo kuliko hukumu ya Luxembourg. Hukumu ilisema kampuni zisitazame nini. Wananchi wa California walisema zitazame nini. Na safari haiendi mbele kila mahali: Montana, jimbo la kwanza Marekani kufuta jinsia katika bima zote, mwaka 1985, liliirudisha mwaka 2021.

Sasa lile lalamiko la mabinti wa Uingereza. Msichana wa miaka 19 aliyeendesha kwa adabu mwaka mzima alikuta bei imepanda bila kosa lolote, ili mvulana wa jirani apunguziwe. Je, hiyo si dhuluma pia? Kwake binafsi iliuma, na sitamwambia asihisi maumivu hayo. Ila tazama alichonyang'anywa. Nafuu aliyokuwa nayo haikutokana na adabu yake barabarani. Msichana mwenzake aliyeendesha akiwa amelewa alipata nafuu hiyohiyo siku aliyonunua bima, na mvulana mwenye adabu kama yake aliikosa. Alichostahili ni punguzo kwa uangalifu wake, na hicho hakikuwa kikitolewa kikamilifu na mfumo wa zamani wala hakikuletwa na marufuku. Wote wawili, yeye na yule kijana wa Ontario, walikuwa wanadai kitu kimoja: nipime mimi.

Kampuni nyingine za Uingereza ziliisikia sauti hiyo haraka. Kisanduku kinachofungwa ndani ya gari na kufuatiliwa kwa setilaiti, kikirekodi mwendo, breki za ghafla, saa za usiku na kilomita, kilikuwa kimeanza kuuzwa na kampuni ya Insurethebox. Marufuku ilipowadia, kampuni hiyo ilianzisha chapa iitwayo Drive Like a Girl, yaani endesha kama msichana. Mvulana naye aliruhusiwa kujiunga. Akifunga kisanduku na kikaonyesha kwamba anaendesha kwa upole, alilipa bei ya upole. Kile kilichokuwa sifa ya jinsia kikawa mwenendo ambao mtu yeyote anaweza kuuonyesha, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote lililozaliwa na kesi ya Test-Achats.

Kisanduku kina ubaya wake. Kinajua ulikuwa wapi saa tisa usiku, na si kila mtu anataka kampuni ijue. Pia kinaweza kumwadhibu muuguzi wa zamu ya usiku kama kinavyomwadhibu mlevi, kwa kuwa wote wawili wanarudi nyumbani wakati mmoja. Haya yanahitaji sheria kali ya faragha na kanuni ya wazi kuhusu nini kirekodiwe na kifutwe lini. Yanarekebishika. Jinsia niliyozaliwa nayo hairekebishiki.

Kampuni nyingine zilipita mlango wa nyuma. Stephen McDonald, mchumi wa Chuo Kikuu cha Newcastle, alilinganisha bei za Uingereza kabla na baada ya marufuku akitazama kazi za wateja. Aligundua kwamba kwa madereva vijana, kazi zenye wanaume wengi zilipandishwa bei na kazi zenye wanawake wengi zikashushwa. Jinsia ilikuwa imetoka kwenye fomu kama neno ikarudi kama kazi. Fundi plasta na mhudumu wa kliniki ya meno hawahitaji kuulizwa jinsia zao, kwa kuwa jibu hubahatishwa na mara nyingi huwa sahihi. Kwa wastani wanaume wa Uingereza waliendelea kulipa zaidi ya wanawake miaka mingi baada ya hukumu. Sehemu ya pengo hilo ni halali, kwa sababu ya magari wanayonunua na makosa wanayoandikiwa na polisi. Sehemu iliyoingia kwa mlango wa nyuma si halali kimaadili, hata kama mwanasheria wa kampuni ataitetea.

Mlango huohuo unawagusa wasomaji wa kitabu hiki walioko ughaibuni moja kwa moja. Mwaka 2022 Citizens Advice, shirika linalowashauri wananchi Uingereza, lilionyesha kwamba watu wasio wazungu walikuwa wakilipa kwa wastani zaidi ya paundi 200 kwa mwaka juu ya bei ya wazungu kwa bima ya gari. Hakuna kampuni iliyouliza rangi. Ziliuliza msimbo wa posta wa mtaa. Mzanzibari au Mkongo anayekaa kwenye mtaa wa wahamiaji hulipia mtaa, na mtaa huitaja rangi yake. Hii ndiyo sababu nasema kufuta swali moja kwenye fomu hakumalizi kazi. Msimamizi wa bima lazima ayapime majibu: achukue bei zilizotozwa kweli, azitenganishe kwa jinsia na kwa asili ya watu, kisha aitake kampuni ieleze pengo lililobaki kwa mwendo wa dereva, rekodi yake na kilomita zake. Likishindwa kuelezeka, liondolewe.

Mwaka 2018 vyombo vya habari vya Kanada viliripoti habari ya kijana wa Alberta aliyetaka kununua gari jipya. Alipouliza bei ya bima kama mwanamume, kisha kama mwanamke, akakuta tofauti ya zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Alipata barua ya daktari, akabadilisha jinsia kwenye nyaraka zake za serikali, akalipa bei ya mwanamke. Alikiri mwenyewe kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya fedha. Watu waliobadilisha jinsia kwa dhati walikasirika kuona njia waliyoipigania inatumiwa hivyo, na nawaelewa. Ila habari hiyo inafichua udhaifu wa mfumo kuliko udhaifu wa kijana. Gari lilikuwa lilelile, dereva yuleyule, barabara ileile ya Alberta. Hakuna kilichobadilika barabarani. Bei iliyoshuka kwa karatasi haikuwa inapima udereva.

Na huku kwetu? Tanzania na Kenya, kwa kawaida, bima haiulizi jinsia ili kupanga bei. Bima ndogo, ile ya kulinda watu wengine ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, hupangwa kwa aina na matumizi ya chombo. Bima kubwa hukatwa kama asilimia ya thamani ya gari. Wakala anataka kadi ya gari, mwaka lilipotengenezwa, ni la binafsi au la biashara. Dereva mwenyewe karibu hayumo kwenye hesabu, isipokuwa pale kampuni inapomwekea masharti kijana au mwenye leseni mpya, au inapompa punguzo asiyedai kwa mwaka mzima. Kwa hiyo suala la jinsia tumeliepuka, ila tumeliepuka kwa kutompima mtu yeyote. Mama anayeendesha kilomita 20 kwa siku kwa mwendo wa taratibu hulipa sawa na mwanamume mwenye gari la thamani hiyo anayepasua barabara ya Morogoro usiku kwa kilomita 140 kwa saa. Tunatoza chuma na kumwacha anayekiendesha.

Hali hii haitadumu. Kampuni zinanunua programu, simu zinarekodi mwendo, na stika za bima sasa zinahakikiwa kwa mtandao. Data zitakapotosha, mtu fulani ofisini ataona kwenye kompyuta yake kwamba wanawake wanadai kidogo, naye atataka kuuza bima ya wanawake kwa bei nafuu, na tangazo litakuwa zuri kama yale ya Uingereza ya 2005. Wengi watalipigia makofi.

Wasimamizi wa bima wa Dodoma, Nairobi na Kampala wana nafasi ambayo wenzao wa Ulaya hawakuwa nayo: kuweka kanuni kabla biashara haijajengwa juu ya jinsia. Waandike kwamba bei ya bima ya gari itokane na rekodi ya dereva, kilomita zake na mwendo wake, kwa mpangilio huo, na kwamba jinsia isitumike, iwe waziwazi au kwa kupitia kazi na mtaa. Waziagize kampuni ziwasilishe bei zao zikaguliwe kila mwaka. Nawe msomaji, unapokata bima mwaka huu, muulize wakala wako rekodi yako safi inakupunguzia kiasi gani. Akikosa jibu, iandikie kampuni yake, kisha umwandikie msimamizi.